Mwaka Niliokataa Kuwasha Moto

Tulimzika Mwalimu Lutonja kijijini kwao, upande wa Mwakitolyo, na mvua ilikuwa na adabu ya kusubiri tumalize kufukia ndipo ikaanza kunyesha. Nilikuwa nimekaa na akina mama chini ya turubai, nachambua mchele, nilipoona bodaboda inaleta wazee wawili kwa mpigo. Mmoja, mrefu asiye na meno ya mbele, alikuwa anamgombeza dereva kwa sauti ya kumwamsha tuliyemzika, eti amepitia kila shimo la barabara kwa makusudi. Huyo sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa Mwita, Mkurya wa Tarime, aliyechimba dhahabu maisha yake yote na kugombana na kila aliyekutana naye njiani. Mwingine, mfupi wa mabega mapana, alishuka polepole, akavua kofia na kusimama akitazama kaburi. Huyo ni Nestori, mzaliwa wa Burundi, ambaye siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi Katoro na wajukuu wanaokijua Kisukuma kuliko mimi. Mwita alinifikia kwanza. "Kabula," alisema, "bado unazidisha chumvi?" Nikamwambia chumvi yangu ndiyo iliyomfikisha uzee huo, ashukuru.

Wapwa wa marehemu walitaka kujua sisi watatu ni nani kwa mjomba wao, maana hatukuwa ukoo mmoja wala dini moja. "Alitufundisha siasa," Nestori alijibu kwa heshima. "Alitufundisha kusinzia tumekaa," Mwita akadakia, na tukacheka mpaka shemeji mmoja wa marehemu akatukata jicho. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Njiani kurudi Kahama, ninakoishi, niliamua kuuandika mwaka ule tuliokuwa wote Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, kabla na sisi hatujaanza kuchambuliwa mchele.

Mambo ya ukoo wangu nayaacha. Mchango wao katika mwaka ule ulikuwa nauli, nao waliitoa kwa manung'uniko. Nilifika Rwamgasa binti mbichi wa kidato cha nne, mwenye matokeo ambayo hata leo sitaki kuyataja mbele ya watoto, nikapata kazi ya kupika kwenye duara la Bosi Shija. Duara ni shimo la dhahabu, na Bosi Shija alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyeuza karibu zizi zima ili alifungue. Jikoni kwangu palikuwa na mafiga makubwa, paa la bati lililotoboka, na kuta za turubai la bluu ambalo jua likilipiga kila kitu kilikuwa na rangi ya samaki, hata ugali. Vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, liliingia kwenye maharage, kwenye nywele, kwenye chai. Asubuhi niliwapa wachimbaji michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha na karanga, mchana ugali na dagaa, na nyama siku Bosi akiwa na moyo mzuri. Upande wa pili wa turubai ndiko alikolala Bosi mwenyewe, kwa hiyo nilimsikia akikohoa, nilisikia redio yake, na nilimsikia akiwataja ng'ombe wake waliouzwa, mmoja mmoja kwa rangi zao, kama mtu anayesali. Nilikuwa na furaha pale. Watu hawaamini nikisema hivyo, wanadhani mgodini ni machozi tu, lakini nilikuwa na chumba changu mwenyewe kwa mara ya kwanza na sauti yangu ilisikika.

Kila duara pale lilikuwa na sinia lake. Si lugha ya mafumbo, nazungumzia sinia kubwa la aluminiamu lililobonyea kando, ambalo wachimbaji wote wa duara hilo walizunguka na kula kwa pamoja. Hapakuwa na mikataba. Mtu akikubaliwa kwenye sinia, basi yeye ni wa duara, na siku jiwe lenye dhahabu likitoka atapata viroba vyake vya mawe kwenye mgao kama wenzake. Bosi aliyetaka kumwondoa mtu hakumwandikia barua wala kumpigia kelele. Alimwagiza mpishi amtengee chakula chake pembeni. Mtu akiona hivyo, wenzake wakala na wasiseme kitu, alijua ameshatolewa, akafunga kibegi chake. Ndiyo maana wachimbaji walinisalimia kwa unyenyekevu mwingi kuliko umri wangu ulivyostahili, na mimi, sitadanganya, nilifurahia sana.

Mwalimu Lutonja alikuwa mwangalizi wa pampu ya kuvuta maji shimoni. Zamani alifundisha somo la siasa chuoni, na somo lilipofutwa alibaki na sanduku la vitabu na koti moja la kaki. Alikuja kwenye dhahabu kama wengine wote, ila yeye hakuwahi kushika sururu. Jioni, wakati nasonga ugali na pampu imezimwa, alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa mbele ya jiko langu na kufundisha Umaksi. Alieleza jinsi mfanyakazi anavyozalisha thamani kubwa kuliko anayolipwa, na jinsi ile ziada inavyoingia kwa mwenye mtaji. Wachimbaji walimsikiliza kwa sababu njia ya kufikia chakula ilipita kwake. "Mwalimu," Mwita alimkatiza siku moja, "hiyo thamani ya ziada inaliwa na mboga gani?" Mwalimu hakukasirika. Alisema, "Inaliwa na wewe kutoiona," akaendelea palepale alipoachia. Mimi nilisikiliza kuliko wote, maana mwiko haukunizuia masikio, na nilipenda namna alivyotamka "wafanyakazi wa nchi zote" kana kwamba anataja watu waliokuwa wanakuja wiki ijayo na inabidi tuwaandalie mahali pa kulala.

Kati ya wafanyakazi hao wa nchi zote, sisi tulikuwa na Warundi watatu. Nestori alikuja na wenzake wawili wakati wa kiangazi, wamevuka bila karatasi yoyote, wakawa wanafanya kazi ambayo wengine waliikwepa. Walisimika matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta za shimo zisiporomoke. Nestori aligonga kila gogo kwa ngumi na kutega sikio kabla ya kulishusha, akipata kasoro analitupa pembeni nami napata kuni. Walikula kwenye sinia kama wengine. Mwita aliwatania mchana kutwa, akimwita kila mmoja "mura", yaani kijana kwa Kikurya. "Mura, kula taratibu, kwenu hakuna mtu anayekufukuza!" Nestori alikuwa na jibu moja tu, la upole, kwa Kiswahili chake cha kuvuta maneno: "Nakula haraka kwa sababu wewe unaongea, ndugu." Sinia zima lilicheka na Mwita alicheka kuliko wote, kisha akamsogezea dagaa. Nilidhani urafiki wa namna hiyo hauna wa kuuvunja.

Kisha jiwe likaanza kuonyesha. Shimo lilikuwa limekula ng'ombe na miezi mingi ya maji na matope, na ghafla vipande vilivyotoka chini vilikuwa na chembe ambazo hata mimi niliziona. Mgao ulikuwa unakuja. Jioni moja, nikiwa naosha masufuria, nilimsikia Bosi Shija na shemeji yake, Masanja, upande wa pili wa turubai. "Watu ni wengi," Masanja alisema. "Wale Warundi wa nini kwenye mgao? Wataenda kushtaki wapi? Wakipiga kelele, tunawaambia Uhamiaji wako njiani." Bosi alikohoa, nikadhani amekataa. Kisha akasema, "Na hawa wengine je?" Masanja akacheka. "Hawa wengine? Kila mmoja atajua viroba vyake vinaongezeka. Atanyamaza." Bosi akataja tena ng'ombe wake, yule mwekundu wa baba yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa, si ya mtu mbaya. Asubuhi alikuja jikoni na sahani tatu mpya za plastiki. "Binti," alisema bila kunitazama, "kuanzia kesho mchana wale Warundi watengee humu, wakae kule kwenye magogo." Nilijibu "Sawa, bosi," kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umezoea kujibu hivyo.

Nilimwendea Mwalimu kwenye pampu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, Kabula." Nikamweleza yote huku nimeshika zile sahani. Aliizima pampu, jambo ambalo hakulifanya kwa ajili ya mtu yeyote, akaniambia kwamba nilichosikia nyuma ya turubai ndicho kinachofanyika duniani kote. Huko Ulaya, alisema, mashamba ya matunda yanavunwa na watu waliovuka bahari bila karatasi, na Uarabuni maghorofa yanajengwa na wageni waliopokonywa pasi zao. Mtaji unampenda mfanyakazi asiye na pa kushtaki, kwa sababu huyo ni rahisi kumlipa kidogo na rahisi zaidi kumfukuza, na wenyeji wanaambiwa kwamba adui yao ni huyo badala ya yule anayewalipa wote. Nilimsikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mwezini. Leo binti yangu Milembe yuko Muscat, analea watoto wa watu na kufua nguo zao, na kila Ijumaa akinipigia simu swali langu la kwanza si mshahara wala afya. Namuuliza, "Unakula na nani?" Mwaka wa kwanza alikuwa anakula peke yake, amekaa kwenye ngazi ya jikoni. Familia anayofanyia kazi sasa inamkalisha mezani, na siku aliponiambia hivyo nilienda kununua soda, nikainywa yote peke yangu kwa raha. Nikiyakumbuka maneno ya Mwalimu siku hizi, hayasikiki tena kama ya mwezini.

Lakini siku ile nilikuwa na haraka. "Mwalimu," nilimwambia, "hayo yote nimeelewa. Kesho mchana nifanye nini?" Alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa kupenda maswali ya karne, na swali la kesho mchana lilimchukua muda. Mwishowe akaniuliza, "Kabula, katika duara hili ni nani wanaofanya kazi?" Nikasema wachimbaji, watu wa winchi, na yeye. "Na wewe?" "Mimi napika tu." Akanitazama kwa huzuni kidogo, halafu akatabasamu. "Ungekuwa unapika tu, Shija asingekuja na sahani zake kwako. Kesho usiwashe moto. Wewe ndiye utakayefukuzwa kwanza, nakuambia ukweli ili usije ukasema nilikudanganya. Ila mimi pampu yangu itazimika nawe." Nilirudi jikoni. Chumba kile nilikipenda. Nikifukuzwa ningerudi nyumbani kwenye manung'uniko na kuolewa na mtu atakayechaguliwa na shangazi. Niliyafikiria yote hayo, na nikaona kwamba nikimtengea Nestori chakula kwenye magogo, chumba hicho sitakipenda tena hata nikibaki.

Kesho yake niliwapa michembe ya asubuhi, kisha moto wa mchana sikuuwasha. Niliosha sinia, nikalisimamisha ukutani, nikakaa juu ya gunia la mkaa na kukunja mikono. Mchana wachimbaji walipanda juu wakiwa na matope mpaka kwenye kope, wakakuta mafiga baridi. Sitaisahau sura ya Mwita. "Kabula, unaumwa?" Nikasema siumwi. "Kuni hakuna?" Kuni zipo. "Basi umerogwa!" Bosi Shija alitoka chumbani kwake, Masanja nyuma yake, na nikajua kwamba nisiposema wakati huo sitasema kamwe. Nilisimama, nikasema kwa sauti iliyotoka nyembamba kuliko nilivyotaka: "Bosi ameniambia niwatengee Nestori na wenzake kwenye sahani, kule kwenye magogo. Mimi sitapika chakula cha kutengana. Kama mnataka watoke, watoeni nyinyi wenyewe kwa midomo yenu." Nilimwona Nestori anainama, anaanza kukusanya kamba zake, kwa sababu yeye alikwisha kuelewa. Nikawatazama wengine na moyo ukanishuka, maana niliona macho yao yakihesabu. Masanja alikuwa sahihi. Kila mmoja alikuwa ameshaanza kuviona viroba vyake vikiongezeka.

Mwita ndiye aliyeongea kwanza, na hakuzungumza habari ya tabaka wala ya ziada. Wachimbaji wa kule wanaamini kwamba shimo linasikia. Waliogombana hawashuki pamoja mpaka wapatanishwe juu, kila mmoja amlishe mwenzake tonge, la sivyo kinyongo chao kitaangusha ukuta. "Ngoja kwanza," Mwita alisema, akamgeukia Bosi. "Matimba yote mle ndani yamesimikwa na huyu. Wewe unamnyima ugali, anaondoka na kinyongo chake, halafu mimi ndiye nishuke kulala chini ya magogo yake? Mimi? Mtoto wa mama yangu?" Wengine wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema kweli, mwingine akasema hata yeye hashuki. "Wekeni matimba mapya," Masanja akasema. "Na utayasimika wewe?" Mwita akamuuliza, na watu wakacheka kwa sababu Masanja hajawahi kushuka hata kwenye kisima. Palepale pampu ikazimika, na tukayasikia maji yakianza kulia chini. Mwalimu alikuja akifuta mikono kwenye koti lake la kaki, akasimama kando yangu.

Bosi Shija alilitazama shimo, akatutazama, akalitazama lile sinia lililosimama ukutani. Alikuwa Msukuma wa zamani, na nadhani aibu ya kusimama mbele ya watu wenye njaa ilimuuma kuliko hasara. "Mayo wee," alisema kwa sauti ya chini, yaani mama yangu. Kisha akavua viatu vyake. "Kabula, washa moto. Watakula wote pamoja, na mimi nitakula hapo." Ugali ulichelewa sana siku hiyo, na niliuunguza, na hakuna aliyelalamika. Bosi alikaa kati ya Nestori na Mwita, akamega tonge, akalipeleka mdomoni kwa Nestori mbele ya wote. Nestori alilipokea akiwa amefumba macho. Mwita akalia, kisha akasingizia moshi. Jioni yake Mwalimu aliketi kwenye ndoo yake, akawa anatikisa kichwa peke yake. "Kabula," aliniambia, "sababu zao zote zilikuwa za ushirikina, na msimamo wao ulikuwa sahihi kabisa. Sijui nitaifundisha vipi hii." Nikamwambia aifundishe hivyo hivyo ilivyo. Zile sahani tatu nilizifanya za kunyweshea kuku.

Jiwe lilitolewa mvua za kwanza zilipoanza. Siku ya mgao viroba vilipangwa uwanjani, mbali na mdomo wa shimo, Bosi akachukua sehemu yake kama desturi, na wachimbaji wakaitwa kwa majina. Nestori na wenzake waliitwa kama wengine, na hakuna aliyeguna. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa jiko langu, nimeshika kiuno, nimeridhika kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Ndiyo hali niliyokuwa nayo, kuridhika. Sikuwa nangoja kitu. Nestori alikiinua kiroba chake cha kwanza begani, akapiga hatua, akasimama. Akakirudisha chini. "Bosi," alisema, "cha Kabula sikioni."

Bosi alicheka. "Kabula ana mshahara wake. Mpishi hana mgao, wapi umeona?" Ilikuwa kweli, hapakuwa na duara hata moja Rwamgasa lililompa mpishi jiwe, na mimi mwenyewe, pamoja na masomo yote yale niliyoyasikia nikisonga ugali, haikuwa imenijia akilini kwamba ningeweza kudai. Nestori hakubishana. Alikaa juu ya kiroba chake. Wenzake wawili wakakaa juu ya vyao. Mwita akawatazama, akasema, "Mnanichelewesha," akakaa naye. Wakakaa wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka uwanja ukawa na watu waliokalia dhahabu yao na hakuna anayeibeba. Mwalimu alikaa juu ya pampu. Bosi Shija alizunguka na mikono nyuma, akamtazama huyu, akamtazama yule, halafu akapiga kofi pajani. "Haya! Achague mwenyewe, tuondoke hapa, mvua inakuja."

Nilitembea kati ya vile viroba na uso ukiniwaka moto. Nilifanya kama nilivyowaona wao wakifanya. Nikavitikisa, nikatoa kipande kimoja, nikakilamba ili chembe zionekane, ingawa sikujua nilichokuwa natafuta. Nikachagua kimoja cha katikati. Mwita aliruka kuja kunibebea, nikamwambia asikiguse. Kilinishinda begani, nikajaribu kichwani, kikanishinda pia. Basi nikakishika masikio, nikakiburuta uwanja mzima mpaka jikoni kwangu, kisigino baada ya kisigino, watu wote wakicheka na mimi nikicheka kuliko wote.